Kilichofichwa na Nukta

Mtu afunguapo folda yake ya nyumbani katika kompyuta huona barua, picha na hesabu zake, akadhani ameiona mali yake yote. Sivyo. Katika kompyuta itumiayo Linux zimo faili nyingine zisizoonekana, ambazo majina yake huanza kwa nukta, kama .bashrc na .profile. Humo ndimo zilimoandikwa amri za mkato na mipangilio yote ambayo mwenye kompyuta ameijenga kidogo kidogo kwa miaka.

Asili ya maficho haya ni ajali ya historia. Mwaka 1969, katika maabara ya Bell Labs huko New Jersey, Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa Unix. Folda za mfumo huo zilikuja kuwa na majina mawili ya kudumu: nukta moja, maana yake folda yenyewe, na nukta mbili, maana yake folda iliyo juu yake. Ili majina hayo yasijaze orodha bure, amri ya kuorodhesha ilifundishwa kuruka kila jina lianzalo kwa nukta. Rob Pike, aliyefanya kazi katika maabara hiyo baadaye, aliandika mwaka 2012 kwamba hilo lilikuwa kosa: yalikusudiwa kufichwa majina mawili tu, yakafichika mengine yote yaanzayo vivyo hivyo. Waandishi wa programu wakaona pango tayari, wakaweka humo mipangilio yao. Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland, alipotoa Linux mwaka 1991, mifumo iliyojengwa juu yake iliirithi desturi hiyo.

Hasara ya urithi huo huonekana siku ya msiba. Mtu anayenakili faili kwa alama ya nyota hudhani amechukua kila kitu. Kumbe nyota, kwa kawaida yake, haigusi jina lianzalo kwa nukta. Diski ikiharibika, barua hurudi, lakini mipangilio ya miaka mingi hupotea. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Dawa ipo. Amri ya tar, iliyotoka na toleo la saba la Unix mwaka 1979 kwa ajili ya kuhifadhi faili katika utepe wa sumaku, ikipewa folda nzima kwa jina lake huchukua vya wazi na vya siri pamoja. Git, aliyoianzisha Torvalds mwaka 2005, hutunza pia historia ya mabadiliko, hata mtu akaweza kurudia hali ya jana. Lakini yapasa kutahadhari: folda ya .ssh huweka funguo za siri, nazo zisianikwe hadharani. Tena nakala na ikae katika diski nyingine, kwani iliyo katika diski ileile hufa pamoja na asili yake.

Basi, msomaji, kosa dogo la zamani limekuwa desturi ya ulimwengu. Upewapo orodha, usitazame yaliyoandikwa tu. Uliza pia yaliyoachwa.