Mayai ya uzazi katika baridi kali

Hapa Likasi, uzazi ulikuwa zamani neno la kompani pia. Toka mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière ilitaka wafanyakazi wa Jadotville (ndivyo mji ulivyoitwa mpaka 1966) wakae kambini pamoja na wabibi wao, na watoto wazaliwe kwa wingi. Bibi asiyezaa alipata haya mara mbili, mbele ya jamaa na mbele ya kompani.

Leo mwanamke anaweza kutuuliza kisha misa: inafaa mayai yangu yatolewe, yagandishwe, yatumiwe miaka ijayo? Kwanza tujue neno hili lilivyoanza.

Mwaka 1949, kule Uingereza, Polge, Smith na Parkes waliona kwamba gliserini inalinda mbegu ya jogoo katika baridi. Mwaka uleule, mwezi wa Septemba, Papa Pius XII aliwaambia wanganga wakatoliki kwamba ufundi usishike nafasi ya tendo la ndoa. Basi wanaosema Eklezya ilichelewa, wasome tena tarehe.

Yai lilisumbua kuliko mbegu. Ni kubwa, limejaa maji, na maji yakiganda yanakuwa vipande vikali vya kulipasua ndani. Mimba ya kwanza ya yai lililogandishwa ilitangazwa na munganga Chen wa Adelaide, Australia, mwaka 1986. Baadaye wakajifunza kugandisha upesi sana, katika nitrojeni ya digri 196 chini ya sifuri, barafu isipate nafasi.

Italia, sheria ya 2004 ilikataza kugandisha embrio, ila kwa shida kubwa. Ndiyo sababu wanganga wa kule walikaza kazi ya mayai. Hapo wengi wetu wanachanganya. Yai peke yake si mtu. Hati Dignitas personae ya 2008 inakataa kugandisha embrio kwa ajili ya heshima ya mtu aliyekwisha kuanza. Inakataa pia kugandisha mayai, lakini kwa sababu yanatunzwa kwa uzazi wa ufundi, nje ya tendo la ndoa. Mkatekista anayemwambia mama kama huyu «umeua watoto» anasema uwongo, na mama yule pengine amekwisha kuchekwa na mawifi miaka kumi.

Tena hati ileile inakubali dawa za ugumba, hata operesheni ya kufungua mirija iliyoziba. Neno hili hatulitangazi sana, nalo ndilo alilokuja kuuliza.