Neno "Dijitali" katika Historia ya Redio

Miongoni mwa maneno yaliyoingia katika biashara kabla ya kupimwa na wanaistilahi ni neno "dijitali" linapoambatanishwa na redio. Mwananchi aingiapo dukani kununua redio huonyeshwa maboksi mengi yenye neno hilo, naye huwa tayari kuongeza fedha kwa kuamini kwamba ananunua chombo kitakachomfaa miaka mingi ijayo. Makusudi ya makala haya ni kueleza kwa ufupi historia ya jambo lenyewe, ili ionekane kwamba neno hilo moja limebebeshwa maana zaidi ya moja, na kwamba gharama ya mchanganyiko huo hulipwa na mnunuzi.

Tuanze na jina la chombo. Wazee wetu walipopata habari za mawasiliano yasiyopita katika waya waliyaita "simu ya upepo". Neno simu lenyewe limetoka katika Kiajemi, na maana yake ya awali ni waya; kwa hiyo "simu ya upepo" ni sawa na kusema waya wa upepo. Jina hilo lina ukinzani ndani yake, lakini msikiaji alilielewa mara moja. Neno "redio" lililolishinda halimwelezi Mswahili lolote juu ya kazi ya chombo, ila limezoeleka, na hakuna sababu ya kuligusa leo.

Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kutangaza mwaka 1951, na kwa miaka mingi baadaye, wasikilizaji walijifunza istilahi za mawimbi kutoka kwa watangazaji wenyewe: masafa ya kati, masafa mafupi, mita bendi, na mwishoni ikaja FM. Yafaa tukumbuke kwamba katika muda huo wote kanuni ya msingi haikubadilika. Wimbi lilibeba sauti kwa kuigiza umbo lake, na kipokezi kililirudisha umbo hilo kuwa sauti. Redio ya masafa ya kati iliyonunuliwa mwaka 1960 iliendelea kusema maadamu mtambo wa masafa hayo ulikuwa unafanya kazi. Mnunuzi hakuwa na haja ya kuuliza ni kanuni gani iliyomo ndani ya redio yake.

Hali hiyo ilibadilika huko Ulaya. Mwaka 1987 ulianzishwa mradi uliojulikana kwa jina la Eureka 147, wenye lengo la kurusha redio kwa tarakimu. Katika utaratibu huo sauti hupimwa maelfu ya mara katika kila sekunde, vipimo huandikwa kwa tarakimu, tarakimu hizo hubanwa ili zichukue nafasi ndogo, kisha vituo kadhaa hufungwa pamoja katika fungu moja na kurushwa na mtambo mmoja. Matunda ya mradi huo ni kiwango kiitwacho DAB. Shirika la utangazaji la Norway lilianza kukitumia mwezi Juni 1995, na BBC ikafuata mwezi Septemba mwaka huo huo. Vipokezi vilikuwa ghali mno. Hata mwaka 2002 redio ya mezani iitwayo Evoke-1 ilipouzwa Uingereza kwa pauni 99, bei hiyo ilitangazwa kuwa nafuu.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo letu. DAB ilibana sauti kwa njia ya miaka ya 1980, ambayo punde ilipitwa na wakati. Mwezi Februari 2007 kilitolewa kiwango kipya, DAB+, chenye njia bora zaidi ya kubana, hata fungu lile lile likaweza kubeba vituo takriban mara tatu ya vile vya awali. Kiufundi yalikuwa maendeleo makubwa. Kwa mnunuzi yalikuwa mambo mengine kabisa, kwani vipokezi vingi vya DAB vilivyokwisha kuuzwa havikuwa na uwezo wa kusoma DAB+, na vingi kati yake havikuweza kurekebishwa. Kilichotenganisha chombo kinachosema na chombo kilicho bubu kilikuwa ni alama moja ya kujumlisha mwishoni mwa jina. Malta ilianza na DAB+ mwaka 2008, Australia mwaka 2009. Ujerumani ilianza upya kwa kiwango hicho mwaka 2011. Uingereza, iliyokuwa na mamilioni ya vipokezi vya zamani majumbani mwa watu, ilikwenda polepole: vituo vya kitaifa vya DAB+ vilianza kusikika mwaka 2016. Kabla ya hapo, mwaka 2013, ilikuwa imebidi kubuniwa alama maalumu ya kubandikwa kwenye maboksi ya redio zinazosoma viwango vyote viwili, kwa kuwa maneno "redio ya dijitali" yalikuwa hayamhakikishii mnunuzi kitu.

Norway ndiyo iliyokwenda mbali kuliko wote. Tarehe 11 Januari 2017 ilianza kuzima FM za vituo vya kitaifa katika jimbo la Nordland, na kazi ikakamilika mwezi Desemba mwaka huo, ingawa vituo vingi vidogo vya mahali mahali viliachwa katika FM. Hapo maana ya neno ilikuwa na uzito wa kweli: asiyekuwa na kipokezi kinachofaa, nyumbani au ndani ya gari, alikosa hata taarifa ya habari.

Sisi wa Afrika Mashariki tumepata mabadiliko ya namna hiyo katika televisheni. Mkataba uliofanywa Geneva mwaka 2006 uliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa ukomo wa ulinzi wa televisheni ya analojia katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya. Tanzania ilianza mapema kwa kuzima mitambo ya Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012. Katika pilikapilika hizo likaenea neno "king'amuzi", kutokana na kung'amua, na baadaye likasikika pia "kisimbuzi", kutokana na kusimbua. Wapo wanaoliona la pili kuwa sahihi zaidi. Mimi naona la kwanza limefanya kazi nzuri isiyopaswa kudharauliwa: mama wa Temeke asiyejua habari za tarakimu alielewa kwamba televisheni yake haiwezi kung'amua mawimbi mapya, na kwamba kuna chombo cha kununua ili kifanye kazi hiyo.

Lakini neno hilo lilisaidiwa na jambo moja. King'amuzi cha televisheni kilionekana. Kilikuwa kisanduku kilichokaa peke yake, chenye bei yake. Katika redio, king'amuzi kimo ndani ya kipokezi. Hakionekani wala hakishikiki, na ushahidi pekee wa kuwamo kwake ni maandishi yaliyo juu ya boksi. Maandishi hayo ndiyo tusiyoweza kuyaamini. Mwandishi wa makala haya aliwahi kuuziwa, katika duka moja la Dar es Salaam, redio iliyoandikwa "dijitali" kwa herufi kubwa. Ilikuwa redio ya FM ya kawaida, yenye kioo kidogo kinachoonyesha namba za masafa kwa tarakimu zinazowaka. Muuzaji hakudanganya kwa kadiri ya ufahamu wake, maana tarakimu zilikuwapo.

Hata pale king'amuzi kinapokuwamo kweli, bado lipo swali la kiwango. Marekani iliidhinisha mwaka 2002 utaratibu wake wenyewe, unaoambatanisha tarakimu na wimbi la kituo kile kile cha FM au masafa ya kati. Upo pia utaratibu wa DRM, ambao matangazo yake yalizinduliwa rasmi mwaka 2003 na ambao wafaa hasa kwa masafa mafupi na ya kati. India imeutumia kwa upana. Zote hizo ni redio za dijitali, na hakuna inayoelewa lugha ya mwenzake. Ndugu aletaye redio ya DAB+ kutoka London kumzawadia mzazi wake Tanga, atakuta kwamba sehemu inayosema ni ile ya FM tu.

Kwa sababu hizo napendekeza kwamba chombo chenye kioo cha namba kiitwe "redio yenye onyesho la tarakimu". Kwamba jina "redio ya dijitali" liachiwe kipokezi chenye king'amuzi cha matangazo yaliyorushwa kwa tarakimu. Na kwamba jina hilo la pili lisiandikwe kamwe bila kufuatwa na kiwango chake, yaani DAB+, DRM au kinginecho. Neno "king'amuzi" liruhusiwe kuhamia katika redio pamoja na maana yake, ili mnunuzi aweze kumwuliza muuzaji swali fupi: king'amuzi kilichomo humu ni cha kiwango gani, na ni mtambo upi hapa kwetu unaorusha kwa kiwango hicho? Kuhusu redio zinazosikika kwa njia ya intaneti, ambazo baadhi ya wauzaji nazo huziita za dijitali, sikuzigusa hapa, kwa kuwa hazipokei mawimbi ya utangazaji kwa namna iliyoelezwa, nazo zahitaji makala yake.