Shamba la Montrachet na Mkate wa Vibarua

Chupa moja ya Montrachet leo inaweza kumeza kodi yako ya nyumba ya miezi kadhaa. Ni mvinyo mweupe kutoka Bourgogne, Ufaransa, na shamba lenyewe ni hekta 8 hivi, yaani kama eka 20 tu, zilizogawanywa kati ya wamiliki wengi. Kila nikisoma sifa zake naletewa hadithi ileile: udongo wa chokaa, mteremko unaopata jua la asubuhi, zabibu aina ya Chardonnay. Sawa, nimesikia. Lakini mimi nataka kujua jambo lingine: waliolima huko walikula nini?

Jibu moja liko kwenye shajara ya mgeni. Machi 1787, Thomas Jefferson, wakati huo balozi wa Marekani mjini Paris, alipita Bourgogne akiandika karibu kila alichokiona. Pale Pommard na Volnay, vijiji vya mvinyo mwekundu, aliona watu wakila mkate mzuri wa ngano. Kufika Meursault, mwendo mfupi tu kutoka hapo, akakuta mkate wa rai, ule mweusi wa watu wa chini. Akauliza, mbona hivi? Akaambiwa kwamba mvinyo mweupe hukosa ubora mara nyingi kuliko mwekundu, basi unabaki bila mnunuzi, na mwenye shamba hamudu kuwalisha vibarua vizuri. Na kwa nini Meursault wasitengeneze mwekundu? Mawe yamezidi shambani. Hebu fikiria: mawe ndiyo yaliyoamua mtu ale mkate gani.

Kisha akaandika bei. Goutte d'Or, mvinyo bora kabisa wa Meursault, ulikuwa sou 6 kwa chupa. Montrachet, nao mweupe, kutoka mteremko wa jirani, sou 48. Mara nane! Sababu aliyoitoa ni kwamba Montrachet ulikaa muda mrefu na kuhimili safari. Lakini akaongeza jambo ambalo mimi naliona zito zaidi: kuna waliodai kwamba mashamba yanayopakana na yale maarufu yalitoa mvinyo wa ubora uleule, ila kwa kuwa wenyewe walikuwa watu wasiojulikana, hayakupata jina, na mvinyo wao ukauzwa kama mwingine wowote.

Watu wa huko hawakusahau nguvu ya jina. Mwaka 1879, vijiji viwili vinavyogawana shamba hilo, Puligny na Chassagne, vililibandika kwenye majina yao: Puligny-Montrachet na Chassagne-Montrachet. Yaani kijiji kizima kikaazima jina la shamba. Mwaka 1937 sheria ikaweka mipaka rasmi ya nani anaruhusiwa kuandika Montrachet pekee kwenye chupa. Ukiwa ndani ya mpaka, umeomoka. Ukiwa hatua chache nje yake, tafuta jina lingine.

Sasa, tusimpambe Jefferson kuwa mtetezi wa wanyonge. Huyu aliyehesabu mikate ya vibarua wa Kifaransa alimiliki watumwa zaidi ya 600 katika maisha yake. Mmoja wao, James Hemings, alikuwa naye Paris akijifunza upishi wa Kifaransa, na hakupata uhuru wake hadi 1796. Jefferson alijua kuuliza swali la mkate. Aliliuliza Meursault, mbali na shamba lake mwenyewe.

Hata hivyo, swali lenyewe lilikuwa sahihi, na miaka miwili baadaye Ufaransa nzima ilikuwa ikiliuliza. Oktoba 1789, wanawake wa Paris walitembea hadi Versailles kumdai mfalme mkate. Mvinyo wa sou 48 ulikuwa bado unauzwa.