Mwalimu Aliyefukuzwa kwa Ajili ya Maua



Kitabu cha Mithali, katika sura ya 6, kinamtuma mtu mvivu aende akajifunze kwa chungu. Bwana wetu naye, katika Injili ya Mathayo sura ya 6, anawaambia wafuasi wake wawatazame ndege wa angani na wayaangalie maua ya mashamba. Kumbe basi, kuinama na kumtazama kiumbe mdogo kwa makini si mchezo wa watoto, wala si kazi ya watu wasio na shughuli. Ni jambo ambalo Maandiko yenyewe yanatuelekeza kulifanya. Juma hili tunapenda kutafakari maisha ya mtu mmoja aliyelichukua neno hilo kwa uzito kuliko wengi wetu. Ulimwengu unamkumbuka kwa elimu yake ya wadudu, lakini kwa kazi alikuwa mwalimu wa shule. Jina lake ni Jean-Henri Fabre, mzaliwa wa kusini mwa Ufaransa. Tunayatafakari maisha yake pia kwa sababu ndani yake mna tukio ambalo haliwapi heshima watu wa dini, nasi si vema tulifumbie macho.

Fabre alizaliwa mwezi Desemba mwaka 1823 katika kijiji cha Saint-Léons. Wazazi wake walikuwa maskini. Walihama mji hata mji wakijaribu biashara ndogo ya kuuza kahawa na vinywaji, na kila mahali biashara ikawaangukia. Mtoto wao alipata kuishi kwa vibarua hadi aliposhinda mtihani wa kuingia chuo cha ualimu cha Avignon kwa msaada wa masomo. Akiwa bado hajatimiza miaka 20 alianza kufundisha katika mji wa Carpentras, kwa mshahara wa faranga 700 kwa mwaka, fedha ambayo haikumtosha mtu kuishi kwa utulivu.

Huko Carpentras aliwachukua wanafunzi wake nje ya mji kuwafundisha upimaji wa ardhi. Akagundua kwamba vijana, badala ya kusimika vijiti vya kupimia, walikuwa wakiinama penye mawe na kufyonza kitu kwa majani makavu. Walikuwa wamepata viota vya nyuki wanaojenga kwa udongo, nao walikuwa wakinyonya asali yake. Mwalimu mwingine angeshika fimbo. Fabre aliinama pamoja nao. Baadaye alitumia mshahara wa mwezi mzima kununua kitabu kimoja juu ya wadudu, akamjua nyuki yule kwa jina lake. Ndivyo ilivyoanza kazi ya miaka zaidi ya 60. Tungependa walimu wetu walikumbuke tukio hili: mtaalamu huyu alifunguliwa mlango na wanafunzi wake mwenyewe, tena kwa utundu wao.

Baada ya kufundisha fizikia huko Ajaccio, katika kisiwa cha Corsica, alirudi Avignon mwaka 1853 akawa mwalimu wa shule ya sekondari. Wakati huo daktari mmoja aitwaye Léon Dufour alikuwa ameandika juu ya nyigu anayewawinda mbawakawa na kuwafukia ardhini wawe chakula cha watoto wake. Mbawakawa hao hukaa siku nyingi bila kuoza, naye Dufour alidhani kwamba nyigu anawatia dawa ya kuwahifadhi. Fabre hakuridhika na dhana. Alikwenda mwenyewe kwenye kingo za mchanga, akakaa juani, akatazama. Akaona kwamba mbawakawa hawakuwa wamekufa, bali walikuwa wamepooza. Nyigu alikuwa amewachoma mahali pale pale yanapokutana mafundo ya mishipa ya fahamu. Aliyachapisha hayo mwaka 1855, na mwaka uliofuata Taasisi ya Ufaransa ikamtunukia zawadi. Charles Darwin alimtaja katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1859, na katika matoleo ya baadaye akamsifu kuwa ni mchunguzi asiye na kifani. Hata hivyo sifa hizo hazikumwongezea mkate mezani. Alikuwa na watoto watano, na baada ya saa za shule alitafuta namna ya kutoa rangi nyekundu safi katika mizizi ya mmea uliolimwa sana Avignon. Tumaini hilo nalo lilizimika wanakemia wa Ujerumani walipofaulu, mwaka 1868, kuitengeneza rangi hiyo bila mmea wowote.

Sasa tufike kwenye lile tukio. Waziri wa elimu wa wakati ule, Victor Duruy, alitaka wasichana wa Ufaransa wapate elimu ya sekondari, na mwaka 1867 akaagiza mafunzo ya namna hiyo yafunguliwe katika miji. Avignon pia yalianzishwa masomo ya jioni, bila malipo, katika jengo lililokuwa zamani abasia ya Mtakatifu Martial. Fabre alikuwa miongoni mwa walimu. Wasichana walikuja, na watu wa rika na hali mbalimbali wakaja, wakamsikiliza akieleza hewa tunayoivuta, umeme wa radi, na jinsi mmea unavyoishi. Siku moja aliwaeleza namna ua linavyorutubishwa: chavua inavyotoka katika sehemu ya kiume na kuifikia sehemu ya kike, na mbegu ikazaliwa.

Ndipo fitina ilipoanza. Watu waliojihesabu kuwa walinzi wa dini, na miongoni mwao wapo waliovaa kanzu kama sisi, walisema kwamba mambo hayo hayafai masikioni mwa wasichana. Duruy mwenyewe, aliyekuwa amechukiwa sana na kundi hilo, aliondoka katika uwaziri mwaka 1869, na mwalimu akabaki bila mtetezi. Nyumba aliyopanga ilikuwa mali ya wanawake wawili wazee, wacha Mungu, ambao hawakuolewa. Nao walishawishiwa kwamba wanamhifadhi mtu hatari. Kwa kuwa Fabre hakuwa na mkataba wa maandishi, walimletea hati ya kisheria ya kumtaka ahame ndani ya muda mfupi. Ilikuwa mwaka 1870, Ufaransa ikiwa vitani na Prussia. Mwalimu hakuwa na akiba yoyote.

Ni nani basi aliyekuwa jirani yake? Tunauliza kwa maneno ya mfano wa Msamaria Mwema, kwa sababu historia hii inafanana nao mno. Aliyemsaidia alikuwa mwanafalsafa Mwingereza, John Stuart Mill, mtu aliyelelewa bila dini yoyote na aliyekiri kwamba hakuwa nayo. Mke wake alifariki Avignon mwaka 1858 akazikwa hapo, naye Mill akanunua nyumba karibu na makaburi ili asiwe mbali naye. Yeye na Fabre walizoea kutembea pamoja mashambani wakikusanya mimea. Mwalimu alipomwandikia shida yake, Mill alimpelekea faranga 3,000, bila hati, bila riba, bila mdhamini. Kwa fedha hizo familia ikahamia Orange. Fabre aliacha kazi ya shule, akaishi kwa kuandika vitabu vya kiada, na deni akalilipa lote.

Ndugu wapendwa, kuhani na Mlawi walipita, Msamaria akasimama. Lakini hapa kuna ubaya zaidi, maana watu wa dini hawakupita tu kando ya majeruhi. Wao ndio waliomjeruhi. Na kwa kosa gani? Kwa kueleza jinsi Mungu alivyoyaumba maua ambayo Mwanae ametuambia tuyatazame.

Tusidhani pia kwamba walikuwa wamemtambua adui wa imani. Fabre hakuwa mtu wa kuonekana sana kanisani, lakini hakuficha kwamba nyuma ya silika ya mdudu aliiona Akili iliyopanga mambo. Alimheshimu Darwin, wakaandikiana barua mwaka 1880 juu ya jinsi nyuki wanavyoijua njia ya kurudi nyumbani, ila nadharia yake ya mageuzi ya viumbe hakuikubali hadi mwisho. Katika hilo sayansi haikwenda upande wake, nao waliomfuata walionyesha kwamba nyigu wake hukosea shabaha mara nyingine, si mahodari kamili kama alivyoamini. Mababa Watakatifu wenyewe, Pius wa Kumi na Mbili mwaka 1950 na Yohane Paulo wa Pili mwaka 1996, walionyesha kwamba nadharia hiyo inaweza kuchunguzwa bila kuiacha imani katika Mungu muumbaji wa roho. Tazameni basi mambo ya wanadamu: mtu aliyefukuzwa kama hatari kwa dini, baadaye watetezi wa dini walivitumia vitabu vyake kama ngao dhidi ya Darwin. Mara zote mbili hawakumsikiliza. Mara ya kwanza walimwogopa, mara ya pili walimtumia.

Mwaka 1877 alimpoteza mwanawe Jules, kijana aliyependa wadudu na maua kama baba yake. Fabre aliwapa nyigu watatu jina la mtoto huyo, ili lisipotee. Mwaka 1879 aliweza hatimaye kununua nyumba na kiwanja cha mawe na miiba huko Sérignan, ardhi ambayo mkulima asingeitaka. Kwake ilikuwa paradiso, kwa sababu nyigu na nyuki waliipenda. Mwaka huo huo alitoa kitabu cha kwanza cha kumbukumbu zake za wadudu. Cha kumi kilitoka mwaka 1907. Aliishi hapo hadi alipofariki, tarehe 11 Oktoba 1915, akiwa na miaka 91. Mahali hapo leo ni makumbusho.

Huko Sérignan, mwezi Januari mwaka 1896, aliwatazama viwavi wa misonobari, ambao hutembea kwa mstari mmoja, kila mmoja akifuata uzi wa hariri ulioachwa na aliyemtangulia. Walipanda juu ya ukingo wa chungu kikubwa cha maua, wa mbele akakutana na wa nyuma, wakawa duara lisilo na kiongozi. Walizunguka hivyo kwa siku saba, mara zaidi ya 300, katika baridi na njaa. Hatudhani kwamba Fabre aliwaza juu ya watu wa Avignon alipoyaandika hayo. Sisi lakini tunawaza. Mmoja alisema mwalimu ni hatari, wa pili akamfuata wa kwanza, wa tatu akamfuata wa pili, na huenda hapakuwa na hata mmoja aliyekwenda kukaa darasani jioni moja asikie kinachofundishwa.

Walioumia hawakuwa familia ya Fabre peke yake. Wale wasichana nao walipotelewa na mwalimu ambaye Ulaya nzima ilikuja kumsifu. Waliwekwa mbali na elimu kwa jina la usafi wa moyo, kana kwamba ujinga ni fadhila. Parokia yoyote inaweza kuyarudia hayo. Maneno juu ya mwalimu wa shule, au juu ya katekista, husambaa baada ya Misa kabla mtu hajamwendea mhusika na kumwuliza. Mzazi hukasirika kwamba binti yake amefundishwa jinsi mwili unavyokua, wala haombi kuliona daftari. Amri ya nane inatukataza kumshuhudia jirani uongo. Anayelipokea neno bila kulipima na kulipeleka mbele naye anashiriki dhambi hiyo, hata akiwa na rozari mkononi.

Juma hili basi tufanye mambo mawili. Kwanza, tumtafute mwalimu mmoja anayewafundisha watoto wetu, tumsikilize kabla ya kumsema, na kama ana shida, tumsaidie tusisubiri mpita njia. Pili, tumchukue mtoto mmoja tutoke naye nje, tukamtazame mdudu mmoja kwa muda wa kutosha, hata kama ni chungu tu mlangoni.

Tuwaombee walimu wote, walio hai na waliotutangulia. Bwana awajalie marehemu pumziko la milele, nasi atujalie macho ya kuona na ulimi wenye subira. Amina.