Ufunge kebo gani kwenye uti wa mgongo wa mtandao wa kampuni?

Leo siasa tuziweke pembeni kidogo. Kuna watu hapa Mpanda wameniuliza wafunge kebo gani kwenye kampuni yenye jengo zaidi ya moja, nikaona niandike mara moja tusome wote. Mimi siyo injinia, nimeishia fomu foo, ila somo hili nimelilipia.

Kampuni moja hapa mjini (jina kapuni) ilinipa kazi ya kuunganisha ofisi na ghala, umbali kama mita 130. Nikavuta Cat5e juu kwa juu, nguzo hadi nguzo. Mtandao ukawa unakatakata. Mvua za Desemba zilipokolea, radi ikapiga jirani: swichi mbili kwisha, kompyuta ya mhasibu kwisha, na hesabu za miezi kadhaa zikaenda nayo. Nusu ya hela yangu sikulipwa, na sikuwa na la kusema.

UTI WA MGONGO NI NINI?
Ni njia kuu inayounganisha swichi na swichi, jengo na jengo. Fikiria barabara ya Tabora–Mpanda. Mitaa ya Makanyagio hata iwe na lami safi, barabara kuu ikikwama mzigo haufiki. Kompyuta zote za kampuni zinapita kwenye njia hiyo moja.

KEBO ZA KOPA (SHABA)
1. Cat5e: gigabiti 1 kwa sekunde, mwisho mita 100.
2. Cat6: gigabiti 1 hadi mita 100. Ukitaka gigabiti 10, mwisho mita 55, na zinapungua kebo zikibanana.
3. Cat6A: gigabiti 10 hadi mita 100 kamili. Ila ni nene na ngumu kukunja.
Hizo mita 100 ni pamoja na vipande vya kuchomeka huku na huku. Ukutani hesabu 90 tu.

FAIBA
1. Maltimodi: kwa gigabiti 10, OM3 inafika mita 300, OM4 mita 400.
2. Singomodi (OS2): gigabiti 10 hadi kilomita 10, kutegemea vifaa vya SFP unavyochomeka kwenye swichi. Aina ya SFP lazima iendane na aina ya faiba.
Faiba ni kioo kinachopitisha mwanga, kwa hiyo radi haina njia ya kutoka jengo hadi jengo. Ila angalia usinunue yenye waya wa chuma ndani, hapo umerudisha tatizo.

SASA UCHUKUE IPI?
Jengo hadi jengo: faiba ya singomodi, hata kama ni mita 50. Gharama kubwa ni kuchimba mtaro na fundi wa kuunga nyuzi. Ukitaka spidi zaidi baadaye unabadilisha SFP na swichi tu, mtaro hauchimbwi tena. Weka nyuzi za akiba, na zipitishe kwenye bomba.
Swichi hadi swichi ndani ya jengo moja: Cat6A inatosha, au faiba kama umbali unazidi.
Kwenda kwenye meza: Cat6 inatosha kabisa.

CHUNGA FEKI
Kuna kebo zinaandikwa CCA, yaani alumini iliyopakwa shaba. Boksi lake ni jepesi na bei inavutia. Kwangua waya kwa kisu: ukiona weupe ndani, rudisha. Zinakatika ovyo, na zikibeba umeme wa kamera zinapata moto.

Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ulioanza kujengwa 2009 nao ni wa faiba. Sasa spidi ikufikie getini halafu uiue mwenyewe kwa kebo ya bei chee? Wabongo tuamke.

Mafundi mliokutana na radi, leteni uzoefu hapo chini. Nawasilisha.