Walenisi Nimeisoma Mara Tatu

Watu hudhani hadithi za angani ni za Wazungu na sinema zao. Mimi ya kwanza kusoma ni ya Kiswahili na imeandikwa na Mkenya: Walenisi ya Katama Mkangi, ya 1995. Mwaka uliofuata maktaba ya ngamia ikaanza Garissa, baadaye ikafika na huku kwetu Wajir, lakini mimi sikuletewa na ngamia. Nakala ilikuwa ya binamu yangu, haina hata jalada.

Mara ya kwanza niliisomea raha tu. Dzombo anahukumiwa, anatiwa ndani ya chombo kirushwe angani akafie huko, kumbe anakimudu! Nikakimbiza kurasa za safari, mazungumzo marefu nikayaruka. (Usinicheke, hata wewe huruka.)

Nilipoirudia nilishajua kwamba Mkangi mwenyewe aliwekwa kizuizini 1986, enzi za Moi. Ile kesi niliyoiruka ikawa tamu kuliko chombo.

Lakini mara ya tatu ndiyo ilinishika. Likate jina la hiyo sayari: wale ni sisi. Sasa, huku kwetu sheria za hali ya hatari zilidumu hadi 1991, na mpaka leo utasikia mtu anayesafiri Nairobi akisema anaenda Kenya. Kama sayari nyingine vile.

Juzi nikiwa kwa stendi mzee mmoja akaniuliza, "Adeer, unaenda Kenya?"

Nikamwambia eeh. Kitabu kilikuwa kwa begi.