Korosho Kwenye Begi: Stori ya Kusini Ambayo Supermarket Haikuambii

Kama una ndugu anayepanda ndege kwenda majuu na kwao ni Newala, Masasi au Tandahimba, jua kabisa kwenye begi lake kuna korosho. Pale uwanjani mzani ukigoma, nguo zitapunguzwa, viatu vitarudi nyumbani na shangazi aliyekuja kusindikiza, lakini ule mfuko hautoki. Watu wa Dar wanacheka: "Kwani huko hazipo supermarket?" Zipo, tena nyingi. Ila za supermarket na hizi za begini zimepita njia mbili tofauti kabisa.

Mkorosho wenyewe ni mgeni. Asili yake ni Brazil, na Wareno ndio walioufikisha pwani ya Afrika Mashariki kwenye karne ya 16. Kwa muda mrefu ulikuwa mti wa kawaida tu wa nyumbani: kivuli, kuni, na mabibo. Vijana wengi wa mjini wanaijua Mabibo kama mtaa na hosteli, lakini kusini bibo ni lile tunda jekundu au la njano ambalo korosho inaning'inia chini yake. Linaliwa, linakamuliwa juisi, na likichachushwa linakuwa uraka (hilo tuliache, wanywaji wake wanajijua).

Pesa ilikuja baadaye, wakati wa Mwingereza, hasa baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Na hapa kuna kichekesho. Mwaka 1947 Waingereza walianza mradi mkubwa wa karanga, Nachingwea ikiwa mojawapo ya sehemu zake, wakamwaga mamilioni ya pauni na matrekta kibao. Kufikia 1951 mradi ulikuwa umekufa. Wakati huohuo wakulima wa uwanda wa Makonde walikuwa wanapanda mikorosho yao kwa jembe la mkono, bila kelele. Mwaka 1973/74 nchi ikavuna tani 145,000.

Sasa zilikwenda wapi? India. Korosho ghafi, na ganda lake, ilipakiwa melini mpaka viwanda vya Kerala, hasa mji wa Kollam, ambako wanawake kwa maelfu waliibangua, ikafungwa vizuri na kuuzwa Ulaya na Marekani. Mlaji wa London hakuwa na namna ya kujua kwamba imetoka Newala. Serikali ililiona hilo, ikakopa pesa nje na kujenga viwanda vya kubangua, vikafika 12, vingine vikiwekwa kulekule Masasi na Newala. Tatizo, mashine zikija korosho zikakimbia. Operesheni Vijiji iliwahamisha watu mbali na mikorosho yao, bei ikawa ya kukatisha tamaa, halafu ukaingia ugonjwa wa ubwiriubwiri, ule unga mweupe unaokausha maua. Kufikia katikati ya miaka ya 80 mavuno yalikuwa chini ya tani 20,000. Viwanda vingi vikabaki majengo.

Mavuno yalirudi, tena kwa kishindo: msimu wa 2017/18 yalipita tani 300,000. Lakini sehemu kubwa bado inaondoka ghafi, siku hizi Vietnam nayo ikiwa mnunuzi mkubwa. Wengi mnakumbuka Novemba 2018, Rais alipotuma jeshi kwenda kusomba korosho baada ya wanunuzi kugomea bei, na serikali ikatangaza shilingi 3,300 kwa kilo. Hiyo ni ghafi. Kupata kilo moja iliyobanguliwa unahitaji ghafi kilo nne hadi tano. Piga hesabu mwenyewe: kwa bei ile, kilo moja kwenye begi ilikuwa zaidi ya shilingi 13,000 kabla hujalipa mkono wa mtu.

Na huo mkono ndio wenye stori. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayochubua ngozi. Nyumbani zinachomwa kwenye bati lenye matundu, mafuta yanashika moto, moshi wake unawasha macho na koo, kisha zinazimwa kwa mchanga. Hapo mama anakaa chini na kuzigonga moja moja, mikono kapaka majivu au mafuta ya kula isiungue. Akizidisha nguvu inavunjika, na zilizovunjika hazipakiwi begini, ni aibu. Zinatafunwa na watoto palepale. Mgeni anapewa nzima. Wale wamama wa Kollam nao wanajulikana kwa vidole vyeusi vilivyoungua, kazi ni ileile. Tofauti ni kwamba huku aliyebangua anamjua anayekwenda kula.

Kubeba chakula safarini hakukuanza na ndege. Waliokwenda kukata mkonge Tanga walifunga vyao. Na kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, basi la Masasi kwenda Dar wakati wa masika lilikuwa bahati nasibu. Foleni ya kivuko pale Ndundu, matope, unaweza kulala njiani siku kadhaa. Aliyepanda bila chakula alikuwa mgeni wa njia hiyo. Kwa hiyo bibi akimfungia mjukuu anayekwenda kusoma China, anafanya alichofanya siku zote, safari tu imerefuka.

Kilichobadilika ni wakaguzi. Ming'oko imekwama, maana ni mizizi mibichi yenye udongo. Nyama na maziwa Ulaya haviingii, na tangu Desemba 2019 hata matunda mabichi yanadai cheti cha afya ya mimea, isipokuwa nanasi, ndizi, tende, durian na nazi. Ndiyo, nazi ya Mtwara inaingia Ulaya bila cheti, embe haliingii! Korosho iliyokaangwa ina nafuu. Marekani wanaipokea, mradi uiandike kwenye fomu au umwambie ofisa. Ukikaa kimya ukakutwa nayo, kinachokuponza ni ule ukimya, na faini ipo.

Mfuko wa rambo nao umekufa tangu Juni 2019, kwa hiyo sasa zinasafiri kwenye ndoo ndogo au kopo la maziwa ya unga lililooshwa, mfuniko ukizungushiwa gundi ya karatasi. Lebo ya kopo inasema maziwa. Ofisa wa huko akifungua anakuta korosho nzima, nyeupe, na anauliza zimetengenezwa na kampuni gani.